Mpishi wa Nyumba Isiyo na Moshi

Nilifika Ugogo kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa haitaki. Ninyi vijana mnaopanda treni pwani na kushuka Dodoma nguo zikiwa bado zinanukia sabuni hamwezi kujua nchi hii ilikuwa mbali kiasi gani. Wakati ule treni ya Wadachi ilikuwa inaishia Morogoro, na mbele ya hapo palikuwa na tuta la udongo na kelele za vibarua. Tulishuka, tukajitwika mizigo, tukatembea. Tulipita Kilosa, tukapanda milima hadi Mpwapwa, tukajaza maji kwenye vibuyu, kisha tukaingia ile nyika ambayo wapagazi waliiita Marenga Makali. Humo ukiyapata maji yana chumvi, na usipoyapata unayatamani hata hayo ya chumvi.

Mimi nilikuwa nimetoka shule ya serikali ya pwani. Nilijua kuandika na kuhesabu, na wenzangu wa darasani walikuwa wameshakuwa makarani wenye kanzu nyeupe. Lakini sikuwa mtu wa kukaa kitako. Nilimfuata Mzee Feruzi, mtu wa Pangani, mpishi wa afisa mmoja wa Kidachi aliyehamishiwa bara, na yeye akanifanya msaidizi wake kwa sharti moja: nibebe chungu.

Chungu kile kilikuwa na majivu yaliyochekechwa, na ndani ya majivu makaa ya mgunga. Viberiti vilikuwepo, afisa alikuwa navyo sanduku zima, lakini Mzee Feruzi hakuviamini. "Kiberiti ni cha kuwashia sigara," alisema. "Mpishi hasafiri bila moto wake. Mpishi asiye na moto ni mtembezi tu, kama wewe." Akanifundisha namna ya kuutunza. Makaa yawe ya mti mgumu. Majivu yawe makavu, na yasishindiliwe. Kifuniko kiwe na tundu la kuingia kidole kidogo, lisizidi hapo, maana moto ukipata hewa nyingi unajila wenyewe. Tukipumzika ninapuliza kidogo, narudishia majivu. Nilivuka Marenga Makali nikiwa na kiu mpaka ulimi ukawa kama kipande cha ngozi, huku kichwani nimebeba moto. Wapagazi walicheka njia nzima. Tulipofika kambini upande wa pili, tukiwa tumechoka kama punda, Mzee Feruzi alifunua chungu, akatia majani makavu, akapuliza mara moja. Moto ukasimama. Wapagazi wakaleta sufuria zao.

Nimeanza na hilo kwa sababu mambo mengine yote nitakayowaambia yalitokea katika nyumba ambamo mpishi hakuruhusiwa kuwasha moto.

Mzee Feruzi alinifundisha mengi. Kitunguu usikikimbize, kiache kilie chenyewe kwenye samli. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu usimpe sahani, mpe kijiko, kisha ungoje. Kisu cha kumenya matunda kisiguse nyama wala kitunguu, maana papai lina hasira, linachukua kila harufu. Na neno alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: usibishane na tumbo la mtu. Mdachi akitaka yai lisiloiva, mpe. Akitaka nyama ya jana yenye harufu, mpe, kisha sogea mbali. "Wewe umeajiriwa na mdomo," aliniambia. "Tumbo lina mwenyewe."

Afisa wake alipohamishwa tena, Mzee Feruzi alirudi naye pwani. Mimi nikabaki. Reli ilikuwa sasa imefika Dodoma, na mji ulikuwa unaota kama uyoga: maduka ya Wahindi, boma, stesheni, vumbi. Nikasikia kuna Mdachi upande wa Kikuyu, nje kidogo ya mji, anatafuta mpishi. Nikaenda.

Nilimkuta amelala juani uani, amevaa kitambaa kiunoni tu, ngozi nyekundu kama udongo wa kichuguu. Wagogo walimwita Bwana Jua. Akaketi, akanitazama kwa macho ya upole. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, safi, hakina makunyanzi.

"Unajua kupika?"

"Najua, Bwana."

"Vizuri. Hapa hutapika."

Nikadhani ananifukuza. Akacheka, akaniita nikae chini. Akanieleza kwamba yeye na mkewe hawali kitu kilichopita motoni. Wanakula matunda, na majani kidogo. Hawali nyama, samaki, yai, maziwa, siagi wala samli. Hata karanga hawagusi, kwa kuwa zina mafuta. Chumvi pia hawali. Jua, alisema, ndilo mpishi wa kwanza, nalo limeshapika kila tunda juu ya mti wake. Mtu anapowasha moto anapika mara ya pili kitu kilichokwisha kuiva. Ndiyo sababu alikuja uwanda huu wa Dodoma, mahali penye jua kuliko pote alipopasikia.

"Ila matunda, Bwana," nikasema, "hapa si kwao."

"Treni itayaleta," akasema.

Na kweli treni iliyaleta. Kazi yangu ikawa kungoja stesheni mapapai, machungwa na maembe kutoka Morogoro, na kuwangoja Warangi walioshuka na punda kutoka Kondoa na ndizi. Nilijifunza kulaza papai kwenye majani makavu ya uwele ili liive taratibu, kulijua embe lililopigwa na jua ndani ya behewa kwa kulinusa kwenye kikonyo, kuyatenga machungwa yasigusane. Kukikosekana kabisa, niliokota ubuyu na ukwaju. Jikoni palikuwa na mafiga matatu aliyoyaacha aliyeijenga ile nyumba. Yalikuwa masafi kama mawe ya mtoni. Kuku wa jirani alitaga katikati yake, na hakuna aliyemfukuza.

Wapishi wenzangu sokoni walinifanya mchezo.

"Saidi, leo umepika nini?"

"Leo nimemenya."

"Na kesho?"

"Kesho nitapangusa."

"Mwangalieni, ndugu zangu, mpishi pekee Dodoma nzima ambaye mkewe halii kwa moshi. Ila hata mke hana."

Nilicheka nao. Ilikuwa kazi nyepesi, na Bwana Jua alikuwa mtu mwema. Nataka mlijue hilo. Katika siku zile ambazo kiboko kilikuwa kinaning'inia nyuma ya kila mlango, mimi sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Wala hakuwa mwongo. Aliniambia kwamba kwao alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa tumbo, na waganga wote walimshindwa, ndipo akaacha nyama na pombe, akala matunda, akapona. Naamini alipona. Mtu akishatolewa shimoni kwa kamba, utamwambiaje aiachie?

Nilimjaribu mara moja tu.

"Bwana, hata huku porini, wanyama hawali matunda peke yake."

"Simba anapika?" akaniuliza.

"Hapiki, Bwana. Lakini simba hali papai."

Alicheka mpaka akashika mbavu, na mbavu zenyewe nilizihesabu zote kwa macho. Kisha akaendelea kula chungwa lake. Nikakumbuka maneno ya Mzee Feruzi kuhusu tumbo la mtu, nikammenyea jingine.

Sasa niwaeleze kuhusu Wagogo, maana bila wao hamtaelewa. Wao wana mizio. Mzio, kwa asiyejua, ni chakula ambacho ukoo fulani haukigusi. Hawa hawali pundamilia, wale hawali figo, wengine hawamgusi kanga. Mtoto anaurithi kwa baba yake. Hawakuambii sababu, na wewe mwenye adabu huulizi. Ukipata mgeni mwenye mzio unakiondoa kile chakula, unasugua chungu kwa majivu, unampa kingine, mazungumzo yanaendelea. Kwa hiyo walipoona Mdachi hanywi maziwa, katika nchi ambayo ng'ombe ndiye kila kitu, hawakumcheka wala hawakumshangaa. Walisema: huo ni mzio wa ukoo wake. Mkubwa, ndiyo, lakini ukoo wake nao huenda ni mkubwa.

Wakaulinda. Wanawake waliobeba vibuyu vya maziwa walizunguka nyuma ya ua wetu wasipite mbele ya mlango. Wachungaji wakichinja, walitazama kwanza upepo unakoelekea. Jirani yetu Mama Ndalu, mjane mwenye nyumba ya tembe upande wa pili wa korongo, alihamisha jiko lake upande wa nyuma ili harufu ya samli isituvukie. Sijapata kuona mahali mzio wa mgeni ukitunzwa kwa heshima kiasi kile. Heshima ile ndiyo ilikuwa inawaacha wafe.

Bibi, mke wa Bwana Jua, alikuwa kijana. Alipenda kupanda vilima vya mawe nyuma ya nyumba, pekupeku, nywele zimefunguliwa, akirudi na maua yaliyokauka. Nilikuwa namsikia akiimba kabla sijamwona. Nilipofika, walikuwa tayari wamekula hivyo miaka kadhaa kwao. Mwaka wa kwanza sikuona kitu, ila wembamba. Baadaye nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Meno yake, kwa sababu ya machungwa na ukwaju kila siku, yakawa yanang'aa kwa namna mbaya, membamba ukingoni, na akinywa maji ya mtungini anashika shavu. Ulimi ukawa mwekundu, laini kama wa mtoto. Ule upepo wa Dodoma wa miezi ya baridi ulipofika, alikaa juani amejifunika mablanketi na bado anatetemeka. Akaacha kupanda vilima. Kisha akaacha kuimba.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia sebule nikaona damu sakafuni. Tone hapa, tone pale. Nikayafuata mpaka barazani, nikamkuta Bibi ameketi anasuka kikapu.

"Bibi, umeumia."

"Wapi?"

"Mguu."

Akauinua, akatazama unyayo wake kama anavyotazama mtu kiatu cha mwenzake. Mwiba wa mgunga ulikuwa umeingia wote, umebaki mkia tu. Alikuwa ametembea nao nyumba nzima.

"Sikuusikia," akasema. Halafu akarudia polepole, kwa sauti ya mtu anayejisomea barua: "Saidi, mimi sikuusikia."

Niliutoa kwa ncha ya kisu cha kumenyea. Hakukunja uso. Alikuwa anatazama ukutani, na machozi yanamtoka, lakini si ya maumivu. Angekuwa na maumivu tungefurahi wote wawili.

Daktari wa bomani aliitwa. Alikaa na Bwana Jua ndani, nikasikia Kidachi kikipanda na kushuka. Alipotoka alinikuta mlangoni, akaniambia kwa Kiswahili: "Mpe mayai. Mpe maziwa. Mpe mafuta. Wote wawili."

"Hawataki, Bwana Daktari."

"Basi mwite seremala aje awapime," akasema, akapanda nyumbu wake.

Bwana Jua alituliza mambo. Alisema ugonjwa huo ni uchafu wa zamani unaotoka mwilini, na ukisha kutoka wote Bibi atakuwa mzima kuliko mwanzo. Akapunguza hata ndizi. Alikuwa anamkatia papai kwa mkono wake mwenyewe, vipande vidogovidogo, anamlisha. Ukiwatazama kwa mbali ungesema hakuna ndoa iliyo njema kuliko ile.

Mvua zikaja, zikang'oa reli upande wa Kilosa, treni ikakoma. Tukabaki na ubuyu, na matikiti ya Mama Ndalu. Siku moja aliyaleta mwenyewe. Akamkuta Bibi barazani, miguu imenyooka mbele yake, haiwezi tena kusimama bila fimbo.

"Mbukwa," akamwamkia, kama wanavyoamkiana wao.

"Mbukwa, mama."

Mama Ndalu hakuondoka. Aliketi chini, akamtazama muda mrefu, kisha akanigeukia mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha kukanyaga kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Saidi, huyu ni dada yake Bwana?"

"La. Ni mke wake."

"Nilijua. Nauliza tu." Akageuka. "Bibi, baba yako ni ukoo mmoja na Bwana?"

"Hapana," akasema Bibi. "Mbali kabisa. Miji miwili tofauti."

"Basi kwa nini unashika mzio wa watu wengine?"

Bibi hakuelewa. Nikamweleza niliyowaeleza ninyi. Mama Ndalu akaendelea: "Mume wangu, Mungu amlaze, hakula figo. Mimi nilipoolewa sikuacha. Nilikula figo zangu, nikanawa mikono, nikalala naye. Tukazaa saba. Mke anakula cha kwao. Kwenu baba yako alikula nini?"

Bibi aliinua macho. Kisha nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miezi mingi: mdomo wake ukapinda, akaanza kucheka, akajiziba meno kwa kiganja.

"Baba yangu ana duka la nyama," akasema. "Ni mchinjaji."

Mama Ndalu akapiga makofi mara moja. "Saidi, sikia. Binti wa mchinjaji anakufa kwa tikiti."

Kicheko kikaisha. Bibi akatazama mlango wa chumba ambamo Bwana Jua alikuwa amelala.

"Nilimwahidi, mama."

"Ulimwahidi kuwa mke wake. Ukishika mzio wake utakuwa dada yake. Ndicho alichokuolea?"

Upepo ulikuwa unavuma, na mimi nilisimama na tikiti mikononi kama mjinga. Nilijua, na Mama Ndalu alijua, kwamba jibu la mwanamke yule ndilo litakaloamua kama tutamzika kabla mvua hazijaisha. Bibi aliitafuta fimbo yake kwa mkono. Akasema, "Si katika nyumba hii."

"Nyumba ninayo," akasema Mama Ndalu.

Tulimbeba kuvuka korongo, mimi na mwana mkubwa wa Mama Ndalu, mtu mzima mwenye ng'ombe zake. Ndani ya ile tembe mlikuwa na giza na joto na harufu ya samli. Nilipiga magoti mbele ya moto wa mwanamke mwingine; nilikuwa sijapika tangu Mzee Feruzi aondoke. Sikumpa nyama. Ninyi mnaojifunza kazi hii mnaweza kumuua mtu kwa huruma. Nilipika uji wa uwele mwepesi, nikautia maziwa kidogo. Kijiko. Tukangoja. Kijiko kingine. Mama Ndalu alitaka kumwaga kibuyu kizima, nikamshika mkono.

"Mswahili bahili," akanung'unika.

Siku zilizofuata niliongeza: maziwa mengi zaidi, samli ncha ya kijiko, kisha yai, kisha mchuzi wa kuku. Ilichukua muda mrefu mpaka mashavu yakarudi na ile baridi ikamtoka. Nywele ziliota tena, fupi, kama za mvulana. Miguu haikurudi yote. Mpaka naachana naye alikuwa anatazama chini anapotembea, maana nyayo zake hazikumwambia lolote kuhusu ardhi.

Alimwambia mumewe mwenyewe, siku ya kwanza ileile tulipomrudisha. Nilikuwa namenya chungwa, nikasikia. Walikuwa wanasema Kiswahili mbele yangu mara nyingine, sijui kwa nini. Labda kilikuwa lugha ambayo hawakuwahi kugombana kwayo.

"Nimekula kwa Mama Ndalu. Maziwa na uji. Nitakula tena kesho."

Bwana Jua alikiweka kando kipande cha papai alichokuwa ameshika.

"Baba yako amenishinda," akasema.

"Baba hajui hata kama mnashindana."

"Umesikia utamu?"

"Ndiyo."

Akashika mkono wake, akaubusu. Hakumkataza hata siku moja. Lakini tangu hapo alikula peke yake.

Nilimwendea Mama Ndalu. Nilimwambia, mama, umemtoa mmoja, mtoe na wa pili. Akaniuliza baba yake Bwana Jua alikuwa akila nini. Nikamwambia nilivyosikia: alikula kila kitu. Uso wake ukabadilika.

"Na babu?"

"Vilevile."

"Basi si mzio," akasema. Aliinama, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Hiyo ni nadhiri. Mzio una njia, kwa sababu ni wa watu wengi. Nadhiri huifungua aliyeifunga."

Hata hivyo alijaribu. Alifika mlangoni kwetu na kibuyu cha maziwa, yeye aliyekuwa akizunguka nyuma ya ua miaka yote ile. Bwana Jua alitoka akijishika ukutani. Miguu yake ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akainama kumshukuru kama inavyopasa, kisha akampa mkewe. Mama Ndalu aliondoka, na aliporudi kwake alilihamisha jiko lake tena, safari hii mbele, upande unaovuma kwetu. Labda alitumaini harufu itafanya ambacho maneno hayakufanya.

Treni ilianza tena, mapapai yakaja, lakini Bwana Jua alikuwa hawezi tena kuona jioni ikiingia. Alinipapasa uso akidhani mimi ni nguzo. Aliniambia anajua chakula chake kinamuua. Sikuwa nimemuuliza. Alisema, "Nimeacha nyumba, ndugu, kazi. Nikila sasa, niliviacha kwa ajili ya nini?"

Mchana mmoja aliniita. Alikuwa amelala karibu na dirisha, jua limemwangukia kifuani.

"Saidi, ulisema unajua kupika."

"Nilisema, Bwana."

"Pika. Hapa, jikoni kwako. Vitunguu na samli, na kuku. Sitakula. Nataka kusikia harufu tu."

Nilikimbia kwa Mama Ndalu, nikachukua makaa yake ndani ya chungu chenye majivu, nikavuka korongo nikiwa nimekibeba kama kichanga. Nikamwondoa yule kuku wa jirani kwenye mafiga. Nikatia kuni za mgunga, nikapuliza. Moshi ukapanda kwenye dari ambayo haikuwahi kuuona. Nilikiacha kitunguu kilie chenyewe, sikukikimbiza. Nilipika kama ninavyojua, kama Mzee Feruzi amesimama nyuma yangu, na kilipoiva nilipeleka bakuli.

Bibi alichovya kijiko, akamnyooshea, na yeye aliyesema hatakula akafungua mdomo. Bwana Jua alikaa nacho mdomoni, macho amefumba. Alimeza. Akasema neno moja kwa lugha yao, na baadaye Bibi aliniambia kwamba lilikuwa jina alilomwitia mama yake alipokuwa mdogo. Kijiko cha pili hakikupita. Tumbo lilikuwa limeshafunga duka. Alikufa siku ya pili yake, jua likiwa utosini.

Wagogo walikuja kuchimba kaburi bila kuitwa. Ardhi ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kama jiwe, na walichimba wakipokezana tangu asubuhi. Nilikuwa nimeongeza viazi na maji kwenye kile chakula, kikawa sufuria kubwa, maana hakuna mazishi yasiyo na chakula cha wachimbaji. Nikakileta uani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwana wa Mama Ndalu akaniambia kwa upole, "Saidi, tuna njaa. Lakini katika nyumba hii hapaliwi kilichopikwa. Ni yake hata sasa."

Ndipo nikarudi jikoni. Nikayakusanya makaa kwenye majivu, nikafunika, nikaacha tundu la kuingia kidole kidogo. Nikayabeba mpaka nje ya ua, ng'ambo ya njia, nikaweka mawe matatu, nikawasha tena. Tukaitoa sufuria, tukaipasha moto palepale. Wakaja wote na udongo mikononi, wakanawa, wakala. Bibi alikula pamoja nao, ameketi chini karibu na Mama Ndalu.

Baada ya mazishi nilimsindikiza stesheni. Alikuwa anakwenda pwani, na kutoka pwani kwa baba yake. Alinipa kisu cha kumenyea, kile kilichotoa mwiba, ninacho. Alipanda ngazi za behewa akitazama kila ngazi kwa makini, na treni ikamchukua.

Tangu hapo nimepika Tabora, nimepika Ujiji, Iringa, Kondoa, na kila mahali nilikaa mpaka mtu aliponizoea, nikaondoka. Vita vya Wazungu vilinikuta njiani, na amani ikanikuta njiani. Bado sijazeeka, macho ndiyo yaliyotangulia, kwa sababu ya moshi, nayo yamenitoa jikoni. Nikiulizwa na vijana ni nyumba ipi niliyoipenda, naitaja ile ambamo nilipika mara moja.

Siku ile ya stesheni nilirudi Kikuyu kuchukua mkeka wangu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mafiga yalikuwa meusi, na yule kuku alikuwa ameshapanda juu ya jiwe moja, anayatazama majivu yaliyopoa, hajui ataketi wapi. Ng'ambo ya njia moto wetu ulikuwa bado unatoa uzi wa moshi. Nilitia makaa machache kwenye chungu, nikajitwika, nikashika njia ya magharibi kwa miguu.